Kaunta Nyingi, Meza Moja: Familia Yangu na Chakula cha Kikorea

Ukumbi wa vyakula ulio ndani ya supamaketi ya Kikorea huku Marekani umepangwa kwa namna inayomshawishi kila mtu ajinunulie chake. Kaunta zimejipanga ukutani, kila moja ikiwa na picha zake zinazomulikwa na taa, wapishi wake na mahali pake pa kulipia, na familia ikiingia hapo na watoto wenye njaa, kila mmoja hukimbilia picha iliyomvutia. Ilhali chakula chenyewe kimetoka katika utamaduni wa kula pamoja, na kikiliwa na mtu mmoja mmoja juu ya trei yake hupoteza sehemu kubwa ya ladha na maana yake. Familia yangu imekula huko kwa miaka kadhaa sasa, mara nyingi siku za Jumamosi kabla ya kununua mahitaji ya wiki, na jambo ninalolisisitiza kwa kila rafiki anayeniuliza ni hili: agizeni kwa ajili ya meza. Karibu yote ninayoyaeleza hapa yanatokana na hilo.

Mlo wa kawaida wa Kikorea humpa kila mlaji bakuli lake la wali na bakuli lake la supu, na vinavyobaki huwekwa katikati: kimchi (mboga zilizochachushwa, hasa kabichi), mboga za majani zilizochemshwa kidogo na kuungwa kwa mafuta ya ufuta, samaki wa kukaanga, mayai, dagaa waliokaangwa kwa mchuzi wa soya na sukari. Vitoweo hivyo vidogo, ambavyo Wakorea huviita banchan, ni mali ya wote, na kila mmoja huchukua kidogo kidogo kwa vijiti vyake. Wali na supu huliwa kwa kijiko, na bakuli hubaki mezani, tofauti na Wajapani ambao huliinua mkononi. Mkubwa kwa umri ndiye anayeanza, na wadogo husubiri mpaka ashike kijiko chake. Mama mkwe wangu, ambaye anaishi nasi, alilipenda hilo la mwisho tangu siku aliyoelezwa, na hadi leo watoto wangu hawagusi kitu katika ukumbi ule mpaka bibi yao aseme, "Bismillahi, wajukuu zangu, kuleni."

Mpangilio wa kaunta una historia yake, nami niliuelewa vizuri zaidi nilipoijua. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1965 iliondoa mgawo wa zamani uliowapendelea wahamiaji kutoka Ulaya, na katika miongo iliyofuata Wakorea wengi walihamia Marekani na kujenga maisha yao California, New York, New Jersey, Virginia, Georgia na kwingineko. Watu hao walihitaji mchele wa punje fupi, unga wa pilipili, mwani uliokaushwa na figili kubwa nyeupe, vitu ambavyo maduka ya kawaida hayakuwa navyo. H Mart, ambayo leo inajulikana sana kati ya supamaketi za aina hii, ilianza mwaka 1982 ikiwa duka moja katika mtaa wa Woodside, eneo la Queens, jijini New York. Maduka yalipopanuka, migahawa nayo ikaingia ndani ya jengo, na kila kaunta ikabeba aina ya upishi ambayo kule Korea ina mikahawa yake maalumu. Ndiyo maana huwezi kuagiza kila kitu mahali pamoja: mwenye supu za mifupa hapiki tambi nyeusi, na mwenye tambi nyeusi hafungi kimbap, ule wali wa kukunjwa ndani ya mwani. Wakorea wanaokuja na familia zao wanalijua hilo, na ukiwatazama utaona kwamba mmoja hubaki mezani na wazee huku wengine wakigawana kaunta.

Sisi hufanya vivyo hivyo. Mume wangu hukaa na mama yake na kushika meza, maana Jumamosi mchana meza ni za kugombea, nami huzunguka ukumbi mzima na watoto kabla ya kulipa popote. Mzunguko huo ni muhimu kuliko unavyoonekana. Tukiutumia vizuri, tunapata mchuzi mmoja unaochemka, chakula kimoja cha wali, tambi za aina moja, sahani ya nyama, na kitu chepesi cha kushikwa kwa mkono. Watu watano wanashiba kwa hivyo, na kila mmoja ameonja vyote. Tukiuacha, tunarudi na bakuli tatu zinazofanana na hakuna nyama.

Jambo ambalo sikuelezwa na mtu, na ambalo ninalithamini kuliko yote, ni utaratibu wa kuagiza kwa kufuata wakati. Kila kaunta hupika kwa mwendo wake na kuita namba yake, kwa hiyo chakula hakitoki pamoja, na vyakula hivi havivumilii kungoja kwa kiwango kimoja. Kimbap, yaani wali uliokunjwa ndani ya mwani pamoja na mboga, yai na nyama kisha kukatwa vipande, mara nyingi huwa tayari kwa dakika chache, na ladha yake haitegemei moto; tunainunua kwanza ili kuwatuliza watoto. Mchuzi unaopikwa ndani ya chungu cha udongo huagizwa mapema vilevile, kwa sababu chungu hicho hushika joto na mchuzi utaendelea kuwa wa moto hata ukisubiri wenzake. Tambi huagizwa mwisho kabisa. Tambi zilizokaa huvimba, hunyonya mchuzi wote na kushikamana, na hakuna dawa ya kuzirudisha katika hali yake. Binti yangu mkubwa, ambaye sasa anazisimamia risiti zote, ameushika utaratibu huu kiasi kwamba humsimamisha baba yake asiende kwenye kaunta ya tambi mpaka chungu cha mchuzi kimeshaonekana kikiletwa. Na wakati wa kuagiza tunaomba bakuli ndogo tupu kwa ajili ya kugawana. Wahudumu hawajawahi kutunyima. Nadhani ombi hilo wanalisikia kutwa nzima.

Mchuzi ambao haukosekani mezani petu ni sundubu jjigae, mchuzi wa tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa) laini ambayo haijakamuliwa maji. Unafika ukitokota kweli kweli, ukirusha matone mekundu pembeni, na huletwa pamoja na yai bichi ambalo mlaji hulipasua mwenyewe na kuliangusha ndani. Hapo kuna subira ya muda mfupi: ukilikoroga mara moja, yai husambaa na kuufanya mchuzi mzima kuwa mzito na mpole, ukiliacha lizame chini ya tofu, ute hushika ukawa mweupe na kiini kubaki laini katikati. Mume wangu ni wa kukoroga, mama yake ni wa kuacha. Sisi hutumia njia ya mama mkwe, kwa sababu za heshima, na pia kwa sababu kiini hicho kikichotwa na wali ni kitamu sana. Chungu hakiguswi na mtoto. Tunakiweka upande wa ukutani, mbali na viwiko, na mimi ndiye ninayewachotea.

Upande wa wali, tunachagua bibimbap ya chungu cha jiwe. Wali hutandazwa ndani ya chungu kilichopashwa moto mkali, na juu yake hupangwa mchicha, karoti, uyoga, machipukizi ya soya, nyama kidogo na yai, kisha huongezwa gochujang, yaani uji mzito wa pilipili uliochachushwa pamoja na wali au nafaka nyingine na unga wa soya. Karatasi ya maelezo pale kaunta inasema "changanya vizuri", na wengi huchanganya papo hapo. Sisi tumejifunza kwa kumtazama mzee mmoja wa Kikorea aliyekuwa meza ya jirani na mjukuu wake. Alichanganya sehemu ya juu tu, akaacha wali wa chini ukae juu ya jiwe, wakala ya juu polepole huku wakizungumza, na mwishoni akaukwangua ukoko wa rangi ya dhahabu na kumpa mtoto. Tangu hapo ukoko huo umekuwa na zamu katika nyumba yangu. Gochujang tunaomba iwekwe pembeni, kwa sababu ikishachanganywa hakuna njia ya kuitoa, na kila mmoja ataongeza kwa kadiri ya ulimi wake.

Hili la pilipili linahitaji kusemwa kwa marefu kidogo, maana watu wengi huogopa kuwapeleka watoto na wazee wakidhani kila chakula cha Kikorea kinaunguza. Pilipili ilifika rasi ya Korea baada ya kutoka mabara ya Amerika, na kwa kawaida kuingia kwake huhusishwa na miaka ya mwisho ya karne ya 16. Kabla ya hapo Wakorea walikuwa na kimchi isiyo nyekundu, na sehemu kubwa ya mapishi yao hadi leo haina pilipili kabisa. Seolleongtang, supu ya mifupa ya ng'ombe iliyochemshwa saa nyingi mpaka ikawa nyeupe kama maziwa, haina hata punje. Inaletwa bila chumvi, na mlaji hujitilia mwenyewe chumvi na vitunguu vya majani vilivyowekwa mezani. Kwa mama mkwe wangu, ambaye daktari amempunguzia chumvi, hicho kimekuwa chakula cha amani. Katika mikahawa mingi chumvi imo tayari kabla hajakaa. Hapa anapewa supu isiyo na kitu na kuachiwa uamuzi. "Hawa wanamheshimu mlaji," aliniambia, na sikuwa na la kuongeza. Nyama ya bulgogi nayo, ile ya vipande vyembamba iliyolowekwa katika mchuzi wa soya, sukari, vitunguu saumu, mafuta ya ufuta na mara nyingi tunda la pea, ni tamu na haichomi. Watoto wakianzia hapo, wataifikia tteokbokki wenyewe. Hiyo ni mitutu minene ya unga wa mchele inayochemshwa katika mchuzi mwekundu, laini lakini yenye kutafunika, na ukali wake huja kwa kuchelewa, pale mtoto anapodhani ameshapona.

Tambi tunazoagiza mara kwa mara ni jjajangmyeon, zenye mchuzi mweusi wa soya iliyochachushwa. Watoto huzipenda kwa sababu zina utamu wa vitunguu vilivyokaangwa, nami nazipenda pia kwa safari yake. Bandari ya Incheon ilifunguliwa kwa biashara ya nje mwaka 1883, wahamiaji kutoka mkoa wa Shandong nchini China wakaingia na tambi zao, na kizazi baada ya kizazi mchuzi ule ukageuka kuwa chakula ambacho kila Mkorea anakiona ni chake. Mwaka 2012 jijini humo lilifunguliwa jumba la makumbusho ya jjajangmyeon katika jengo lililokuwa mkahawa maarufu wa Wachina. Nilimsimulia binti yangu habari hiyo tukiwa mezani, naye akauliza maswali kuhusu familia zinazohama na vyakula vyao, maswali ambayo mtoto wa wahamiaji ana haki kamili ya kuuliza. Tambi hizi zinatakiwa zichanganywe haraka zikiwa za moto, na mkasi unaowekwa pale kaunta ni kwa ajili ya kuzikata. Hakuna anayemcheka mtu kwa kutumia mkasi mezani.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ni zito kuliko ladha. Sisi hatuli nguruwe, na mwanangu wa kiume mwili wake haupatani na kamba. Katika ukumbi wa aina hii, picha haikuambii yaliyomo. Jjajangmyeon kwa desturi hupikwa na nyama ya nguruwe, na hata ukiiomba bila nyama, mchuzi unaweza kuwa umepikwa nayo tangu asubuhi. Kimbap mara nyingi huwa na kipande cha hemu, ambayo ni nyama ya nguruwe, kilichojificha kati ya karoti na yai. Mchuzi wa sundubu hutengenezwa kwa supu ya dagaa waliokaushwa, ukaongezwa kome na kamba, au ukawa wa nyama ya nguruwe, kutegemea mpishi. Mchuzi wa kulowekea bulgogi katika jiko fulani huwa na mvinyo wa kupikia, na katika jiko jingine hauna. Kimchi, ambayo mtu angeidhani ni kabichi na pilipili tu, aghalabu huchachushwa kwa kamba wadogo waliotiwa chumvi na kwa mchuzi wa samaki. Kwa mtoto wangu, kijibakuli hicho cha bure kinacholetwa bila kuombwa ndicho chenye hatari kuliko chakula alichoagiza.

Kwa hiyo tunauliza, na tumejifunza namna ya kuuliza. Swali la "kuna nguruwe?" hujibiwa kwa kutazama nyama inayoonekana, na jibu huwa la kweli kwa kadiri ya swali. Ninachouliza sasa ni supu ya msingi imechemshwa na nini, mchuzi wa tambi umekaangwa na mafuta gani, na kama kimchi wameitengeneza wenyewe au wameinunua. Ikiwa wameinunua, naomba kuiona chupa. Mama mmoja wa makamo katika kaunta ya supu aliwahi kuacha foleni, akaingia jikoni, akanitolea ndoo nzima ya kimchi na kuweka kidole juu ya neno la kamba katika orodha ya viungo, kisha akaondoa kijibakuli kwenye trei ya mwanangu na kuweka figili ya manjano iliyokaa katika siki. Hatukuwa na lugha ya pamoja ya kutosha kuzungumza mengi. Nilimpokea trei kwa mikono miwili, kama nilivyowaona Wakorea wakipokea kitu kutoka kwa mkubwa wao, naye akainamisha kichwa. Ninamwambia kila mzazi mwenye mtoto wa aina hiyo asione haya kuuliza, hata foleni ikiwa ndefu, na akipewa jibu la haraka haraka lisilo na uhakika, ahamie kaunta nyingine au atosheke na wali mweupe na mwani. Sisi tumewahi kufanya hivyo, na mlo haukuharibika, kwa sababu meza bado ilikuwa na mengine ya kugawana.

Baada ya kula, tunarudisha trei wenyewe. Kuna mahali pake, na mabaki ya supu humwagwa peke yake kabla vyombo havijapangwa. Watoto wanalifanya hili vizuri kuliko nyumbani, sijui kwa nini.

Kununua mahitaji tumekuacha mpaka tumalize kula, na ninaona ndiyo njia bora, kwa sababu watoto huingia katika safu za duka wakiwa wanatafuta vitu walivyotoka kuvionja. Ile ndoo nyekundu ya plastiki wanaijua sasa kuwa ni gochujang, na pembeni yake wanaiona ndoo ya kahawia yenye doenjang, soya iliyochachushwa isiyo na pilipili. Mama mkwe hupenda kusimama penye kimchi. Huko nyuma alidhani ni kitu cha aina moja. Sasa anachagua ya figili iliyokatwa vipande vya mraba, kwa sababu ndiyo inayoendana na supu yake ya mifupa. Nilimweleza kwamba desturi ya familia na majirani kukusanyika mwanzoni mwa majira ya baridi kutengeneza kimchi ya msimu mzima, inayoitwa kimjang, iliingizwa na UNESCO mwaka 2013 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, na kwamba mwaka 2024 maarifa ya kutengeneza michuzi ya soya iliyochachushwa yakafuata. Hakushangaa hata kidogo. Alisema kazi ya jikoni ya wanawake wengi waliokaa pamoja kutwa nzima ilistahili kuandikwa mahali zamani sana, kisha akaniuliza kama kabichi zile kubwa zinauzwa kwa sanduku.

Tumeanza kupika baadhi ya vyakula hivi nyumbani, na hapo ndipo mlo wa ukumbini unapotusaidia mara ya pili, kwa kuwa tunajua ladha tunayoitafuta. Seolleongtang hatuijaribu, kuchemsha mifupa kutwa nzima katika nyumba ndogo ni adhabu, na ya pale ni bora. Bulgogi tunaipika bila mvinyo, kwa nyama tuliyoinunua kwa mchinjaji wetu, na mwanangu ana kimchi yake isiyo na kamba, ambayo sisi huitengeneza kwa chumvi, mwani na mchuzi wa soya. Haina ule ukali wa chini kabisa unaotokana na samaki waliochacha, na sitadai kwamba inafanana. Anaila kila siku.

Kuhusu mabaki, mchuzi wa tofu unasafiri vizuri ukiwa ndani ya chombo chenye kifuniko kinachobana, na ukipashwa siku ya pili uongezwe maji kidogo maana chumvi yake huwa imejikusanya. Tambi zisibebwe, zimalizwe pale pale, hata kama ni kwa kumbembeleza mtu. Kimbap ikiwekwa kwenye jokofu, wali wake hukauka na kuwa mgumu, lakini vipande hivyo vikichovywa katika yai lililopigwa na kukaangwa kwa mafuta kidogo hulainika tena, na asubuhi ya Jumapili ndicho kifungua kinywa ambacho binti yangu huamka mapema kukisimamia, hasa anapojua kwamba vilivyobaki havitoshi watu wote.